Jumamosi Yangu ya Kanji

Jumamosi, Februari 2016. Alasiri, jikoni.

Shajara, leo baridi imeng'ang'ana. Asubuhi nimekwangua barafu kwenye kioo cha gari mpaka vidole vikakataa kukunjika, na gari lenyewe limekohoa kwanza kabla ya kukubali kuwaka. Sasa jua limetoka, lakini ni lile jua la hapa Richfield, huku ugenini, la mwezi wa pili, la kuangaliwa tu. Halipashi kitu.

Siwezi kutulia. Nimeosha vikombe vilivyokuwa safi. Nimekunja nguo za watoto, nikazikunjua, nikazikunja upya. Tumaini amelala mgongoni kwangu ndani ya leso. Imani amejilaza chini ya meza na penseli zake za rangi. Baba Imani yuko chumbani, amelala. Hufanya shifti ya usiku kule uwanja wa ndege, kusafisha ndege, na akirudi asubuhi ya Jumamosi halali mara moja: hukaa na Tumaini kwanza, mpaka mimi nirudi, ndipo aende kitandani.

Akiamka nina neno la kumwambia. Neno lenyewe ni fupi. Kulisema ndiko kurefu.

Niandike kwanza, labda moyo utatulia.

Wifi yangu Shiko, dada yake Baba Imani, amenitafutia nafasi ya somo la anatomia, lile somo la kwanza kabla hujaruhusiwa kuanza unesi. Nafasi zilikuwa zimejaa. Amemsihi rafiki yake anayefanya kazi pale chuoni aniwekee moja, na nimjibu kesho baada ya ibada. Somo ni Jumamosi asubuhi.

Na Jumamosi asubuhi ndiyo saa ya darasa langu la Kijapani pale maktaba.

Ukisoma hivyo utacheka. Hata mimi nikiliandika naliona ni jambo la kuchekwa. Mwanamke wa watoto wawili, amemaliza kidato cha nne tu, anafanya kazi ya kutunza wazee kule Fridley, anaambiwa achague kati ya unesi na Kijapani, halafu anakosa usingizi. Kina mama wa kanisani wameshanipa jina, Mama Tokyo. Nikiingia mlangoni wananiinamia kama walivyoona kwenye televisheni. Nami nawainamia, maana ukinuna ndiyo watazidi.

Wifi ndiye huchoma zaidi, kwa sababu yeye hunipenda. Tulipofika nchi hii tulilala kwenye chumba cha chini cha nyumba yake Inver Grove Heights majira ya baridi mazima. Imani alijifunza kutembea kwenye zulia lake. Yeye ni nesi kamili, na alifika hapo akiwa peke yake, bila mtu wa kumpikia hata chai. Kwa hiyo akisema ninasikiliza.

"Mama Imani," aliniambia wiki iliyopita, "umewahi kuona Mjapani amelazwa kwenu Fridley?"

"Bado."

"Hata kwetu. Sasa hicho Kijapani utaongea na nani? Na friji?"

Baba Imani alikuwepo. Yeye alisema tu, "Fanya unavyoona." Nimeishi na huyu mtu vya kutosha kujua kwamba "fanya unavyoona" maana yake ni kwamba anaona kingine.

Wala sikukitafuta hicho Kijapani. Nilikwenda maktaba na Imani kwa hadithi za watoto, tukakuta msomaji hadithi ni mgonjwa na mlango umefungwa. Nje baridi ilikuwa inauma. Chumba cha pili kilikuwa wazi, kina joto, kina biskuti kwenye sahani, tukaingia. Mwalimu ni mama mzee wa Kijapani, mfupi, mwenye sweta la kufungwa vifungo mpaka shingoni. Hakuniuliza nimepotea njia ama vipi. Aliniuliza jina.

Nikamwambia Wambui. Akalisema. Akalisema tena polepole, akaliandika ubaoni kwa herufi zao, akaniangalia kuona kama amelipatia.

Shajara, hapa nikiri jambo. Hakuna mtu anayeniita Wambui. Nyumbani ni Mama Imani, na ninalipenda hilo jina kuliko yote niliyowahi kupewa, mtu asije akanielewa vibaya. Wazee wa Fridley huniita mpenzi, ama huniita kwa jina la msichana aliyekuwepo kabla yangu. Kanisani ni yule Mama Tokyo. Siku ile nikasikia mtu ananiita mimi, peke yangu, bila kuniitia kitu cha kufanya. Nikala biskuti ya pili, nikakaa.

Tangu hapo sijakosa Jumamosi.

Mwanzo ulikuwa mwepesi. Wana herufi za sauti kama za kwetu: ukiona ka unasema ka. Nilizishika zote nikiosha vyombo. Ndipo zikaja kanji.

Kanji ni alama ya maana. Wajapani walizichukua kwa Wachina zamani sana, na walipozichukua walizichukua pamoja na sauti za Kichina, walivyozisikia wao. Lakini tayari walikuwa na maneno yao ya nyumbani. Basi alama moja ikabaki na sauti za pande mbili: ile ya kigeni iliyokuja nayo, na ile ya kienyeji iliyoikuta pale. Ya kigeni wanaiita on, ya kienyeji kun. Na kwa kuwa mambo ya Uchina hayakuingia mara moja, alama nyingine zina sauti za kigeni mbili ama tatu, kila moja na safari yake. Na za kienyeji nazo hazikukubali kupungua.

Mfano ni hii: 生. Ina habari za kuzaliwa, kuishi, kuota, kuwa kibichi. Ina sei, ina shō, ina i, ina u, ina ha, ina nama, ina ki. Na mwalimu anasema kuna nyingine tuziache kwanza.

Mimi nilifanya nilivyofundishwa shule ya msingi, ambako kila kitu kilikaririwa kwa wimbo, kuanzia hesabu za kuzidisha mpaka majina ya mito. Nilikata kadi kutoka maboksi ya konfleksi. Mbele kanji, nyuma sauti zake zote zimepangwa mstari. Nikaziimba. Nikibadilisha nepi, sei, shō, i, u, ha, nama, ki. Nikisubiri wali uive, naimba nyingine. Imani naye akaanza kuimba, na Tumaini akawa anapiga mikono. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa kukariri nilipokuwa mdogo, na nilijiambia hapa pia sitashindwa na mtu.

Leo mwalimu amegawa karatasi ya kusoma kwa sauti. Darasa letu ni dogo, wengi ni vijana wa chuo wanaopenda katuni za huko. Zamu yangu ilipofika, sentensi ilikuwa hii:

日曜日に生まれました。

Nilizaliwa Jumapili. Kwa Kiswahili ni maneno mawili tu. Na kila kanji iliyomo nilikuwa nayo kwenye kadi.

Nimesimama. Alama ya kwanza, 日, ni siku, pia ni jua. Nikaanza kuimba moyoni sauti zake, nikachagua nichi. Ya pili, yō, nikaipata. Ya tatu ni 日 tena, ile ile ya kwanza, basi nikasema nichi tena. Nikafika 生 na wimbo mzima ukanijaa kichwani, na nikashika sauti ya mbele kabisa kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Sei.

Kijana aliyekuwa mbele yangu akaangalia viatu vyake. Mwalimu akasema, kwa ile san yao ya heshima, "Jaribu tena, Wambui-san." Nikajaribu tena, nikatoa shō. Nikajaribu ha. Nilikuwa kama mtu anayejaribu funguo mlangoni huku ndani watu wanamsikia.

Nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa na ukali ambao sikuupanga, "Mwalimu, niambie ipi ndiyo sahihi. Ziko saba. Sahihi ni ipi?"

"Ya hiyo alama peke yake? Hakuna."

Nilitaka kulia, shajara. Si kwa sababu ya kanji. Kwa sababu kesho natakiwa kujibu, na nilikuwa nimejiambia kimoyomoyo kwamba kama Kijapani nakiweza, basi ninayo haki ya kukishikilia. Na kama sikiwezi, nikubali Jumamosi ichukuliwe na tuache ujinga. Pale nilipokuwa nimesimama nilikuwa nimeshaanza kuikabidhi.

Ndipo Imani, kule kwenye kona na rangi zake, akaniuliza tutaenda saa ngapi. Yeye nikimwongelesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, ndivyo tulivyo. Nikatupa jicho kwenye saa ya ukutani.

"Saa tano hii, mama. Bado kidogo."

"Ni kumi na moja," akasema kwa Kiingereza chake.

"Ndiyo. Saa tano."

Mwalimu akanigeukia. "Umemwambia nini mtoto?"

"Nimemwambia ni saa tano."

Darasa zima likaangalia saa. Mshale mfupi ulikuwa kwenye kumi na moja, wazi kabisa. Nikaeleza kwamba kwetu saa huanza kuhesabiwa asubuhi jua linapochomoza, kwa hiyo saa moja ni pale saa ya ukutani inaposema saba. Kijana mmoja akasema hiyo haiwezekani. Nikamwambia inawezekana, nyanya yangu hakuwahi kuchelewa kokote.

Mwalimu hakucheka. Alivuta kiti, akakaa karibu yangu.

"Kumi na moja ikiwa imeandikwa kwenye mlango wa nyumba, unaisomaje?"

"Kumi na moja."

"Na kwenye saa?"

"Tano."

"Ulikariri? Kwamba kumi na moja ina sauti mbili, hii na hii?"

"Hapana. Nani atakariri hivyo?"

"Sasa unajuaje?"

Nikafikiri. Swali lilikuwa la kijinga mpaka nilipotaka kulijibu. "Naangalia iko wapi."

Akanyoosha mkono, nikampa kadi zangu za konfleksi. Alizigeuza moja moja, akaona mwandiko wangu, akaona na doa la uji. Alizishika kwa heshima, hilo nitalisema daima. Kisha akazifunga na mpira wa nywele na kuziweka mbali nami kidogo.

Akasema hivi, na mimi ninaandika nilivyomwelewa. Usijifunze sauti za alama. Jifunze neno. 日曜日 ni neno moja, Jumapili, nichiyōbi. Alama ya siku iko mwanzo na iko mwisho, mwanzo ni nichi, mwisho ni bi, na Mjapani haoni ajabu yoyote kwa sababu hasomi alama, anasoma Jumapili. Alama mbili ama tatu zikishikana mikono, mara nyingi huongea ile sauti ya kigeni. Alama ikiwa na mkia wa zile herufi za sauti nyuma yake, kama 生まれ, mara nyingi iko kwao, inaongea kienyeji: umare, kuzaliwa. Mara nyingi, si kila mara. Kwa yale yasiyofuata, utayazoea ukiyakuta mara kwa mara, kama majirani.

Nikasimama tena. "Nichiyōbi ni umaremashita."

Imetoka yote kwa mkupuo. Sikupita kwenye wimbo. Nilikuwa nimeliona neno, nikalisema, kama ninavyoiona saa.

Kijana wa viatu akapiga makofi kidogo, akaona aibu, akaacha. Mimi nimekaa chini. Kitu kidogo namna hii. Siwezi kukipeleka popote. Hakuna anayekihitaji kwangu, si mume, si mtoto, si mgonjwa.

Labda ndiyo maana.

Tulipotoka, Imani nimemfunga mkanda kiti cha nyuma, gari bado linapata joto, wifi akapiga. Nikaweka simu kwenye spika kwa sababu glovu zilikuwa zimenishinda.

"Mama Imani, nimwambie huyu mtu nini? Unachukua ama niwape Wakongo wa kwaya? Kuna msichana wao anaitafuta hiyo nafasi kama dawa."

Ninakubali nilikuwa nimepanga kumjibu kesho, katikati ya watu, ambako hawezi kunipigia kelele. Lakini nilikuwa bado na ile hali ya kusimama.

"Anatomia nitasoma, wifi."

"Asante Yesu."

"Ila si Jumamosi. Kuna darasa la jioni, nimeliona, Jumanne na Alhamisi. Hilo ndilo nitakalochukua. Hiyo ya Jumamosi mpe msichana wa kwaya."

Nikasikia kijiko chake kikigonga sufuria.

"Na watoto jioni wanabaki na nani? Kaka yangu akiwa ameshaenda kazini?"

"Na wewe."

"Na nani?"

"Na wewe, wifi. Nakuomba unishikie watoto jioni mbili."

"Yaani nielewe. Mimi nitoke shifti na miguu imevimba, nikimbizane na Tumaini, ndiyo wewe Jumamosi ukachore vijiti na Wajapani."

Sisi tulivyolelewa, mwanamke akiomba kitu huweka na sababu, na sababu ya sababu, mpaka anayeombwa anasahau ameombwa nini. Nilihisi sababu zote zikinipanda kooni. Kijapani kinanoa akili. Kijapani kitamsaidia Imani shuleni. Nikazimeza.

"Ndiyo," nikasema.

Kijiko kikanyamaza.

"Wewe mwanamke una kichwa kigumu."

"Ndivyo nilivyo."

"Najua. Nilimwonya kaka yangu kabla hajakuoa, akaniambia ndicho alichokipenda." Akashusha pumzi. "Ingekuwa Jumatatu ningekataa. Jumanne na Alhamisi, sawa. Na wakiwa kwangu hawatakula biskuti kwenye zulia, sikia. Na ukianguka hiyo anatomia, hivyo vijiti vyako nitavichoma mimi mwenyewe, kwa petroli."

Nikacheka, na machozi yakanitoka, na yakapoa usoni kabla hayajafika kidevuni. Kisha akauliza lile ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalizunguka.

"Gari je? Gari ni moja. Ukienda chuo jioni, kaka yangu ataenda kazini na nini?"

"Na basi."

"Umemwambia?"

"Bado."

"Hapo mimi simo. Mwambie leo, usije kesho ukanitumia kanisani kama ngao."

Akakata.

Imani alikuwa amesikia yote. Huwa tunadhani hawasikii kwa sababu hawajibu kwa lugha yetu. Tulifika mataa mawili mbele ndipo akaongea.

"Daddy atasimama nje kwenye baridi?"

"Atasimama kidogo."

"Ile siku masikio yake yaliuma."

"Nakumbuka."

"Kwa sababu ya shule yako?"

Ningeweza kumwambia ni kwa sababu ya anatomia, ya unesi, ya maisha yao ya baadaye. Ingekuwa nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo tamu. Nikamwambia, "Kwa sababu mama ana kitu anakipenda, na hataki kukiacha. Daddy anaweza kukataa. Lakini nitamwuliza." Akalifikiria hilo. Kisha akaomba tusimame tununue viazi vya kukaanga, nikamwambia hapana, kuna wali nyumbani, na akanuna mpaka tulipofika.

Sasa nimekaa hapa naandika kwa simu huku uji unatokota.

Ninachojua ni hiki. Kabla hatujapata gari, majira ya baridi yaliyopita, Baba Imani alikuwa akipanda basi. Alirudi asubuhi moja masikio hayana rangi, nikayashika katikati ya viganja vyangu hadi akaanza kulalamika yanachoma, na tukafurahi kwamba yanachoma. Tulipopata gari, alilizunguka lile bati zee mara kadhaa, analigusa tu. Ninamwomba arudi kule, jioni mbili kwa wiki, hadi baridi iishe. Na hali kuna njia ambayo hatahitaji kurudi: mimi kuiacha Jumamosi. Yeye ataiona njia hiyo mara moja. Hata mjinga ataiona.

Ninajiuliza kama ni ubinafsi. Nimejiuliza tangu saa ile nikiwa kwenye mataa. Pengine ni ubinafsi. Mama yangu mzazi hakuwa na Jumamosi, wala Jumanne, na hakuwahi kusema anaitaka. Sijui kama hakuitaka.

Nilikuwa nimepanga kumpikia kwanza chapati, nimlainishe. Nimebadili nia. Chapati ni za siku nyingine, zisije zikawa hongo. Nitampa chai na kiti. Nitamwambia, "Baba Imani, nakuomba upande basi Jumanne na Alhamisi ili nibaki na Jumamosi yangu." Sitamwambia ni jambo dogo, maana si dogo, na yeye anastahili kuombwa kwa ukubwa wake. Nitamnunulia kofia ile nzito ya kufunika masikio, lakini hata kofia sitaitaja mpaka ajibu.

Akisema "fanya unavyoona", safari hii nitamuuliza yeye anaonaje. Na nitangoja jibu, hata chai ipoe.

Nasikia maji bafuni. Ameamka mapema.

Tumaini anajinyoosha mgongoni. Ninazima jiko. Kesho nitaamka nikiwa nimeshamwomba, akubali akatae, na hilo kwangu ni jipya. Naenda.